Panya Aliyechafua Maji ya Shume

Palikuwa?

Palikuwa.

Palikuwa na nini?

Tuambie wewe.

Palikuwa na mtungi, na mtungi ulikuwa na maji. Anayetaka kunywa akanywe sasa, maana nikianza sisimami. Mikono iendelee kuchambua maharage. Masikio niachieni mimi.

Basi, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Bi Sikudhani, mjane, aliyeishi karibu na ziwa. Kazi yake ilikuwa dagaa. Asubuhi alinunua dagaa wabichi kwa wavuvi, akawaanika. Wakikauka aliwatia kwenye magunia, akayashona, akayapanga ndani mpaka karibu na paa. Nyumba ilinuka dagaa. Nguo zake zilinuka dagaa. Watu walisema hata salamu yake ilinuka dagaa.

Palipo na dagaa pana panya, na palipo na panya mtu hufuga paka. Bi Sikudhani alifuga paka dume wa rangi ya majivu, mwenye shingo nene na kichwa kama ngumi. Wote walimwita Shume. Shume alikuwa na nguvu, na alikuwa mlafi. Kikianguka chake. Kikipita chake. Kikilia humo ndani, chake pia.

Shume alikuwa na mambo mawili aliyoyafanya kila asubuhi.

La kwanza, alikunywa maji. Chini ya mtungi palikuwa na bakuli la udongo. Mtungi ulitoa jasho, jasho likateremka, likadondokea bakulini: to, to, to. Shume alikaa akasikiliza kwanza, kisha akainama: lamba, lamba, lamba.

La pili, alikwenda mlangoni. Akageuza mgongo, akainua mkia, akautikisa mkia. Shwaaa, kwenye mwimo wa mlango.

"Shume," Bi Sikudhani alimwambia kila siku, "mlango wangu umekuwa choo?" Akasugua kwa majivu. Kesho yake Shume akageuza mgongo, akainua mkia, akautikisa mkia. Shwaaa.

Sasa, nyuma ya mtungi palikuwa na tundu, na ndani ya tundu aliishi Panya na watoto wake tisa. Hapo ndipo penye shida. Shume akimaliza kunywa hakuondoka. Alijifuta mdomo akasubiri. Mtoto wa panya akitoa pua, kwap. Mwezi wa kwanza walikwenda watatu. Wakabaki sita.

Panya hakulia sana. Mwenye watoto sita waliobaki halii mchana kutwa, ana kazi. Alikaa akafikiri.

Juu ya ukuta alikuwapo Mjusi, jirani yake. Tik, tik, tik. "Unafikiri nini, jirani?"

"Nafikiri maji."

"Maji yana nini?"

"Shume haji hapa kwa ajili ya wanangu. Anakuja kwa kiu, wanangu anawakuta. Asipokuja kunywa, hatawakuta."

"Kiu haina likizo, jirani."

"Nitaipa likizo mimi."

"Haya," alisema Mjusi. "Mimi simo. Mimi natazama tu."

Asubuhi Panya akapanda juu kabisa ya magunia. "Shikamoo, Bwana Shume."

"Marahaba. Shuka tusalimiane vizuri."

"Hata huku juu nasikika. Bwana Shume, nina swali. Unalinda magunia ishirini ya dagaa na hujaonja hata moja. Haki hiyo?"

"Yameshonwa."

"Mimi nina meno."

Shume akamtazama. "Na wewe unataka nini?"

"Sitaki kitu. Naona aibu tu, mkubwa kama wewe unavizia vitoto ambavyo havijazi hata pengo la jino."

Shume akafikiri. Mlafi hafikiri muda mrefu. "Toboa," akasema.

Kirr, kirr, kirr. Panya akatoboa gunia. Pwararara, dagaa wakamwagika, wakavu, wenye chumvi. Shume akala mpaka tumbo likakaza kama ngoma. Akajilamba, akaelekea bakulini.

"Unakwenda wapi, Bwana Shume?"

"Kunywa maji."

"Maji?" Panya akacheka kidogo. "Si kitu. Nenda."

"Umecheka nini?"

"Nimekumbuka mbuzi. Mbuzi hunywa maji. Bata hunywa. Kuku naye hunywa, akamtazama Mungu, akanywa tena. Sikujua kama na wewe umo."

Shume akabaki na mguu mmoja juu. Akaushusha taratibu. "Nilikuwa napita tu," akasema, akageuka.

Aibu ni kitu kizuri, lakini haizidi kiu. Siku ya tatu Shume aliamka mapema, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama: lamba, lamba, lamba. Panya akasikia. Akajua kwamba maneno peke yake hayatatosha.

Panya alijua jambo moja ambalo Bi Sikudhani, aliyemfuga Shume miaka mitano, hakulijua. Shume hakunywa maji yenye harufu ya chakula. Ndivyo walivyo wa ukoo wake. Maji yakikaa na chakula, kwao yameharibika. Basi Panya akachukua kichwa kimoja cha dagaa, akakitumbukiza bakulini. Kikioza akakitoa, akatia kipya. Kazi ndogo.

Shume akaja. Akanusa. Akatikisa mguu, pf, kama aliyekanyaga tope. Akaondoka. Kesho yake akaja, akanusa, akatikisa mguu, pf, akaondoka. Mtungi wenyewe ulifunikwa. Nje kulikuwa kiangazi, hata dimbwi halikuwapo, na ziwani kulikuwa na mbwa wa wavuvi. Siku ya nne hakuja kabisa.

Watoto wa Panya wakatoka tunduni. Wakacheza nyuma ya mtungi, wakarushiana punje ya mtama. Na Panya akalala. Ulikuwa usingizi wake wa kwanza tangu azae.

Sasa sikilizeni habari za mlangoni.

Shume alikuwa akila dagaa wakavu, asubuhi dagaa, jioni dagaa, na hanywi. Akaenda mlangoni, akageuza mgongo, akainua mkia, akautikisa mkia. Shwaa. Ikawa fupi.

Kule nje, kwenye majani makavu, alikuwapo Nguchiro. Mnamjua nguchiro: mrefu kama mkono wa mtu, mwembamba kama kamba, na mchana ndio wakati wake. Alikuja wakati Bi Sikudhani yuko ziwani. Akanusa mwimo wa mlango. Nff, nff. "Harufu ya leo," akasema. "Mwenyewe yupo." Akaondoka.

Zikapita siku. Shume akaenda mlangoni, akageuza mgongo, akainua mkia, akautikisa mkia. Shwa. Nguchiro akaja. Nff, nff. "Harufu ya jana," akasema. "Mwenyewe anachelewa." Akaondoka, lakini hakwenda mbali.

Zikapita siku nyingine. Shume akaenda mlangoni, akageuza mgongo, akainua mkia. Tsi.

Tik, tik, tik. "Jirani," Mjusi akasema, "mlango unakauka."

"Ukauke," alisema Panya. "Si mlango wangu."

Neno hilo alilikumbuka baadaye.

Shume akaanza kuchuchumaa jivuni. Akachuchumaa, akajikaza, akasubiri. Tone. Akahama, akachuchumaa juu ya gunia. Tone. Akahama, akachuchumaa juu ya kanga ya Bi Sikudhani, na tone hilo lilikuwa jekundu.

"Shume, umerudia utoto?" alisema Bi Sikudhani. Akafua kanga. Hakuliangalia lile doa, au aliliangalia akiwa na haraka, ni yale yale. Asubuhi iliyofuata alimwona Shume amejikunja anajikaza na hakitoki kitu, hata tone. Akamwita jirani yake wa upande wa pili wa ua. "Mwenzangu, paka wangu amefunga choo."

"Mpe mafuta."

Akampa mafuta. Na kwa kuwa alimwonea huruma, akamwongezea konzi ya dagaa.

Shume hakuwagusa. Alilala kando ya jivu, akijilamba chini ya tumbo, akilia kwa sauti nyembamba isiyokuwa yake. Panya akamsikia. Akatoka tunduni, akasogea. Akasogea tena. Alifika mahali ambapo siku zote panya hufa.

"Bwana Shume, hunioni?"

"Nakuona."

"Mbona hunikamati?"

"Nikikukamata utanisaidia kukojoa?"

Panya akarudi kwa Mjusi akicheka. "Umesikia? Nimemmaliza. Mimi, mdogo hivi."

Mjusi hakucheka. "Nimesikia. Na mimi nimeona. Leo Nguchiro ameingiza kichwa. Akanusa, akasema: harufu ya juzi. Kisha akatazama tundu lako, akalipima kwa macho. Jirani, Shume mnene, mkono wake ulikuwa haufiki ndani. Yule ni mwembamba."

Panya akaacha kucheka.

"Kwani mlango ulikuwa unasema nini siku zote hizi?" Mjusi aliuliza. "Ulikuwa unasema mwenyewe yupo. Sasa hausemi kitu."

Panya akakimbia bakulini. Akakitoa kile kichwa cha dagaa, lakini maji yalikuwa yamekwisha nuka, na bakuli ni zito, hawezi kulimwaga. Akapanda mtungi. Pembeni ya kifuniko palikuwa na upenyo. Akaingiza mkia, ukaloa. Akashuka mbio mpaka kwa Shume, akamnyooshea mkia ule mdomoni.

"Lamba."

Shume akalamba. Panya akapanda, akachovya, akashuka. "Lamba." Akalamba. Akapanda, akachovya, akashuka. "Lamba." Mkia wa mama panya uko katikati ya meno ya paka, na paka haumi.

"Lakini mbuzi ndio hunywa," Shume alisema.

"Nilikudanganya."

"Nilijua siku ile ile. Niliona haya tu."

Panya akarudi mtungini. Akapanda, akachovya, akashuka.

Ila maji yaliingia, hayakutoka. Tumbo la Shume lilikuwa gumu chini, kama pamefichwa limao bichi. Mtungi ulioziba mdomo humwagi kilichomo kwa kuujaza. Panya alikuwa amejua kufunga. Kufungua ni kazi nyingine, na hiyo hakujifunza.

"Anahitaji mtu," alisema Panya.

"Mtu anadhani ni choo," alisema Mjusi.

Mchana Bi Sikudhani akarudi na karai lake kichwani. Panya akatoka peupe. Akapita juu ya miguu yake, yote miwili, ili amwone. Bi Sikudhani akatupa karai, akachukua ufagio. Panya akakimbia moja kwa moja mpaka kwa Shume, akampanda, akakaa juu ya kichwa chake, katikati ya masikio. Akatulia hapo, moyo unampiga du, du, du.

Ufagio ukabaki juu.

"Panya amemkalia paka," Bi Sikudhani akasema polepole. "Na paka ametulia. Hii si habari ya choo."

Akainama, akamshika Shume tumbo. Shume akapiga kelele ya mtu. Bi Sikudhani hakungoja. Akamtia kwenye kikapu, akamfunika na kanga ile ile yenye doa, akatoka kwenda kwa bwana mifugo, mji wa pili, mwendo wa nusu siku. Mlango aliurudisha tu, hakukumbuka komeo.

Panya akafurahi. Akafurahi mpaka akautazama mlango. Mwimo mkavu. Mwenye nyumba hayupo. Mwenye harufu hayupo.

Akafikiri haraka, na mwenye haraka hushika kinachomjia kwanza. Alikwenda mlangoni yeye mwenyewe. Akageuza mgongo, akainua mkia, akautikisa mkia. Ti.

"Unafanya nini?" Mjusi aliuliza.

"Nasema mwenyewe yupo."

Asubuhi Nguchiro akaja. Nff, nff. Akasimama. Nff, nff, nff. "Hapa hakuna paka," akasema. "Hapa pana panya. Na wameniandikia mlangoni kwamba wapo." Akausukuma mlango kwa bega, akaingia.

Panya alikuwa na watoto sita na mdomo mmoja. Mdomo mmoja hubeba mtoto mmoja. Akamshika aliyekuwa karibu, hakuchagua, akapanda naye ukutani mpaka kwenye boriti alipo Mjusi. Alipogeuka ateremke kuchukua wa pili, mkia wa Nguchiro tu ndio uliokuwa nje ya tundu.

Sitawaeleza zaidi ya hapo. Endeleeni na maharage.

Siku ya tatu Bi Sikudhani akarudi na kikapu. Akasimama uani akamsimulia jirani yake kwa sauti, kama mtu aliyeshindwa kulala siku mbili.

"Mwenzangu, haikuwa choo. Mkojo umeziba. Bwana mifugo kamwingizia mpira mwembamba, ukatoka mkojo kama chai ya rangi, na ndani yake mchanga. Nikamwambia mimi dagaa wangu naanika kwenye vichanja, mchanga umetoka wapi? Kasema si mchanga wa ziwani. Mkojo wa paka asiyekunywa hukaa ukawa mzito, chumvi yake ikagandamana kama uji uliosahauliwa jikoni. Na dume njia yake ni nyembamba. Kasema ningengoja siku moja tu, ningerudi na kikapu kitupu."

"Sasa afanyeje?"

"Dagaa wakavu basi. Nimchemshie, nimpe na mchuzi wake, bila chumvi. Na maji yawe mbali na chakula, safi, kila siku. Kumbe ndivyo wanavyotaka. Miaka mitano, mwenzangu, na mimi najiona najua paka."

Shume akatoka kikapuni. Amekonda, shingo imebaki ngozi. Akatembea mpaka mlangoni. Akageuza mgongo, akainua mkia, akautikisa mkia. Akangoja kidogo.

Shwaaa.

Nguchiro, kwenye majani makavu, akainua pua. Akaondoka, na hakurudi.

Bi Sikudhani hakusugua mlango siku hiyo. Alimwaga maji yaliyonuka, akaosha bakuli, akalirudisha chini ya mtungi. To, to, to. Shume akaja akakaa. Akasikiliza. Nyuma ya mtungi aliona macho mawili, na pembeni yake mengine mawili madogo.

"Wako wangapi?" akauliza.

"Mmoja."

Shume akayatazama yale macho madogo. Kisha akasema, "Mimi nilikula watatu."

"Hesabu naijua."

"Na nikipona vizuri nitaendelea. Unajua. Ndivyo nilivyo."

"Najua," alisema Panya. "Kunywa."

Lamba, lamba, lamba.

Tangu siku hiyo Panya huamka kabla ya Shume. Huenda bakulini akatoa chochote kilichoanguka: kichwa cha dagaa, jani, nondo. Hurudi tunduni, akamshika mwanawe mkia kwa meno asitoe pua, akasikiliza. To, to, to. Lamba, lamba, lamba. Kisha nyayo kuelekea mlangoni. Hapo Panya hubana pumzi. Hubana, hubana, mpaka asikie.

Shwaaa.

Ndipo anapumua.

Hadithi yangu imefika kwake, nami nimerudi kwangu. Mnataka fundisho? Fundisho lipo: mdogo mwenye akili humshinda mkubwa mwenye nguvu. Panya alimshinda paka, kijiji kizima kinasema hivyo. Na mkiona mimi nawadanganya, kawaulizeni wanawe watano.

Palikuwa?

Palikuwa.

Mtungi upo?

Upo.

Basi nileteeni hayo maharage. Na mmoja wenu aliangalie bakuli la paka.